Maswali ya wasomaji: Nataka kumchukua paka asiyeona, nianzie wapi?

Shikamoo dada. Naomba ushauri wako manake hili jambo linaninyima usingizi. Wiki mbili zilizopita nilienda kwenye kituo cha kulelea wanyama walioachwa, nia yangu ilikuwa kuchukua paka mdogo tu wa kumpa kampani paka wetu dume ambaye sasa ana miaka tisa. Sasa pale kuna jike wa kama miaka miwili, jicho moja lilishatolewa kabisa, lingine lina ukungu mweupe, haoni chochote. Nilikuwa naongea na mhudumu, kumbe yeye amenisikia, akaja moja kwa moja mpaka kwenye wavu akaninusa vidole kimoja kimoja halafu akaegemeza kichwa hapohapo. Nikaondoka lakini roho imebaki kule. Mume wangu hataki, anasema tutamtesa bure, nyumba ina ngazi, tuna mtoto wa miaka minne anayemwaga vitu kila kona, na kwamba mnyama kama huyo angechomwa tu sindano akapumzika kuliko kuishi gizani. Sijui nimjibu nini. Je, ni kweli nitakuwa namtesa? Na kama sio, hii nyumba niiandae vipi?
Mama wa mtoto mmoja

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, manake miaka kumi na moja niliishi na paka asiyeona, kwa hiyo hapa naongea kitu nilichokishika kwa mikono yangu.

Nianze na shemeji. Usigombane naye, anachosema kinatoka kwenye huruma, ila anampima paka kwa kipimo cha binadamu. Sisi tukizimiwa taa tunapapasa ukuta kwa sababu karibu kila kitu tunakifanya kwa macho. Paka sivyo. Anasikia sauti nyembamba mpaka kufika kilohezi 64 hivi wakati sisi tunaishia 20, kila sikio linageuka peke yake kufuata sauti inakotoka, na zile sharubu, kama 12 kila upande wa mdomo, nyingine juu ya macho na nyingine nyuma ya miguu ya mbele ambazo watu wengi hawajawahi hata kuziona, zinahisi upepo mdogo unaorudi kutoka kwenye ukuta kabla hajaugusa. Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba, yanaanza kufumbuka baada ya wiki moja mpaka mbili, na siku zote hizo ziwa la mama yake analifikia kwa pua na joto tu. Kwa hiyo hapana, hutamtesa. Paka hakai chini akaomboleza macho yake. Anachouliza yeye ni chakula kiko wapi, choo kiko wapi, na nani kaingia.

Mateso yapo sehemu nyingine kabisa, na hapo ndo nataka uanzie kabla hujagusa hata kiti kimoja nyumbani: jicho linalouma. Waulize kituoni kwa nini alipofuka na hilo jicho lililobaki lina hali gani. Paka mdogo kiumri mwenye jicho lililotolewa na lingine jeupe, mara nyingi ni mafua ya paka yaliyompata utotoni, kuna kirusi cha aina ya hapesi kinashambulia macho ya vitoto mpaka kioo cha jicho kinatoboka. Sio lazima iwe hivo kwa huyu, daktari wa mifugo ndo atakwambia. Lakini kama ndivyo, ujue hicho kirusi kinabaki mwilini maisha yote kikiwa kimelala, na mnyama akipata msongo kinaamka, na kuhama nyumba ni msongo, kwa hiyo ukiona wiki za mwanzo anapiga chafya na jicho linatoa machozi mpeleke kwa daktari. Tafadhali usichukue dawa ya macho ya binadamu iliyopo kwenye droo ukamdondoshea, zile zenye steroidi zinaweza kuliharibu jicho lenye kidonda siku chache tu.

Muulize pia daktari apime presha ya ndani ya jicho. Hiyo presha ikipanda inaitwa glakoma, inauma sana na paka ni hodari wa kuficha maumivu, unachoona wewe ni kwamba anapenda kulala, anajificha chini ya kitanda, hataki kuguswa kichwa. Daktari akikushauri jicho litolewe usiogope sura. Wangu lilitolewa la pili akiwa na miaka mitatu na baada ya kidonda kupona alianza kucheza vitu ambavyo hakuwahi kucheza toka nimchukue, nikajua kumbe muda wote ule alikuwa na kichwa kinachomuuma na mimi naona ni mpole tu. Hilo bado linanichoma.

Haya, nyumba. Siku ya kwanza usimwachie nyumba nzima, hapo ndo watu wengi wanakosea, wanamtoa kwenye boksi katikati ya sebule halafu wote wanamzunguka wanamwangalia. Mpe chumba kimoja, kidogo, kisicho na pilika, weka humo trei ya choo, maji, chakula na kitu cha kujificha hata kama ni katoni iliyotobolewa mlango. Chakula na maji viwe mbali na trei. Ukifika mshushe ndani ya trei miguu yote minne ili akanyage mchanga ajue ni nini, halafu kaa chini sakafuni, ongea taratibu, mwache. Atatembea tumbo likiwa chini, atafuata ukuta, atarudi, atafuata ukuta tena, yani anapima. Wengine wanajificha siku mbili tatu na hilo sio tatizo, ila asipokula kabisa kwa saa 24 mpigie daktari, paka akikaa siku kadhaa bila kula ini lake linaweza kupata shida kubwa.

Hiyo trei ya kwanza ndo inakuwa kituo chake, na siku yoyote ukiona amepotea nyumbani, amesimama katikati ya chumba analia, usimbebe ovyo ukamtua popote. Mpeleke mpaka kwenye trei au kwenye chakula chake umshushe hapohapo kila siku, kutoka pale anajua njia zote. Na kubeba kwenyewe punguza. Najua mkono unawasha kumbeba ukimwona anaelekea kwenye mguu wa meza, lakini kila ukimnyanyua hewani na kumshusha sehemu nyingine umemfutia alikokuwa. Mwite badala ya kumbeba. Gonga sakafu kwa vidole, atakuja.

Manake kitu chote kiko hapa: kichwani mwake anajenga ramani ya nyumba yako, na kazi yako wewe sio kumlinda na kila kitu, kazi yako ni kuhakikisha ile ramani haimdanganyi. Nikupe mfano. Wangu akisikia kabati la jikoni linafunguliwa alikuwa anatoka chumbani mbio, mbio kweli, anakata kona ya mlango bila kuigusa, unaona sharubu tu zinapita kwenye fremu, anapita kati ya sofa na ukuta anafika miguuni kwangu. Mgeni asingejua kama haoni. Siku moja nilisogeza stuli kidogo nipate kubadilisha balbu nikasahau kuirudisha, kama mkono mmoja tu kutoka mahali pake. Aliigonga kwa pua. Hakuumia sana, lakini siku tatu zilizofuata alipofika pale alikuwa anapunguza mwendo, ananyanyua mguu wa mbele juu anaunyoosha anapapasa hewa kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake, na stuli ilisharudi mahali pake siku ileile. Baada ya hapo kila samani kwangu nilibandika alama ndogo ya tepu sakafuni, nikifagia narudisha kwenye alama.

Kwa hiyo mtoto wako ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye huu mpango, na usimwone kama tatizo, watoto wa miaka minne wakipewa kazi wanaifanya kwa moyo kuliko sisi. Mwambie njia ya paka haiwekwi kitu, vitu vya kuchezea vina kapu lake, na kabla hajamgusa paka lazima apige hodi, yani amwite jina kwanza asubiri ageuze sikio. Paka asiyeona akishikwa ghafla anaruka na kucha zinatoka, sio kwamba ni mkali, ameshtuka. Nyie watu wazima vilevile, ongeeni mnapoingia chumbani, hata neno moja. Viti virudishwe chini ya meza, milango ya makabati ifungwe, na mlango wa chumba ukiwa kawaida uko wazi ubaki wazi wote, ule wa nusunusu ndo unaomgonga uso.

Kabla hajafika fanya kitu kimoja: piga magoti utembee nyumba nzima kwa urefu wa paka. Utaona waya wa chaja unaoning'inia, kona ya meza ya kioo iliyo sawasawa na uso wake, msumari uliojitokeza, ufa nyuma ya friji anaoweza kuingia akanasa. Kona kali funika kwa sponji. Waya zibane ukutani.

Maji ndo nisisitize kuliko vyote. Ndoo iliyojaa, beseni la kuloweka nguo, tundu la choo lisilofunikwa: paka anayeona anaruka pembeni na kuchungulia, asiyeona anaruka juu akitegemea kuna kingo kumbe ni maji. Ndoo zote ziwe na mifuniko, choo kifunikwe, mlango wa bafu ufungwe, muwafundishe na wageni. Jiko likiwa na moto yeye asiwepo jikoni, na baada ya kuzima weka sufuria yenye maji baridi juu ya sehemu iliyo bado na joto. Madirisha na balkoni viwe na wavu uliobanwa sawasawa, usiseme hawezi kufika, atafika, wanapanda, ila hajui ng'ambo ya kingo kuna ghorofa ngapi.

Ngazi ambazo shemeji anaziogopa ni kazi ya wiki moja au mbili. Mwanzoni weka geti la kuzuia watoto. Akishaizoea sakafu ya chini, kaa naye kwenye kidaraja cha chini kabisa, mwekee tonge dogo la chakula kidaraja cha pili, anyooshe mguu apande, kesho cha tatu. Kushuka ndo kugumu zaidi, mpe muda. Tandika kipande cha zulia juu na kingine chini, chenye mkwaruzo tofauti na sakafu, ili mguu ukikikanyaga ajue ngazi inaanza hapa. Na hicho kitumie nyumba nzima: mkeka mgumu mbele ya maji, zulia laini mbele ya kitanda chake. Kuna watu wanaweka bakuli la maji linalotiririka lenyewe, ni zuri kwa kweli, anafuata mlio. Redio na TV sauti kubwa punguza, kelele kwake ni kama ukungu kwetu.

Lakini usije ukapaka mafuta ya kunukia kwenye milango eti ajue vyumba kwa harufu. Huu ushauri unazunguka sana na ni hatari, ini la paka haliwezi kuzichakata sumu nyingi zilizomo kwenye yale mafuta, anakanyaga, anajilamba, anaumwa. Na maua ya yungiyungi (lily) yatoke ndani kabisa, hata chavua kidogo tu aliyojilamba kutoka kwenye manyoya inaweza kuua figo, hiyo ni kwa paka yeyote.

Dume wako sasa. Paka wakikutana wanaongea sana kwa mwili, anakukazia macho, anakunja mgongo, anageuza masikio, na huyu mgeni hayo yote hatayaona, atamwendea mzee usoni kabisa bila adabu na mzee ataona ni uchokozi. Kwa hiyo milango ibaki imefungwa kati yao siku kadhaa, hata wiki mbili, badilishaneni vitambaa walivyolalia, kila mmoja ale upande wake wa mlango, halafu ndo wakutane dakika chache ukiwepo. Mvalishe dume kola yenye kengele ndogo, ile ya kukatika yenyewe ikinasa, ili jike ajue yuko wapi. Trei ziwe tatu kwa paka wawili. Wapo madume wanaogeuka kuwa viongozi wa njia, asiyeona anafuata kengele kutwa nzima, lakini sikuahidi hilo, wakiheshimiana tu inatosha.

Kucheza atacheza sana. Karatasi iliyokunjwakunjwa, mpira wenye kengele, kamba unayoiburuta sakafuni ikakwaruza, ila baada ya mchezo kamba ifiche, akiimeza inakata utumbo. Mwache aikamate mara nyingi, asiishie kusikia tu. Sharubu zisikatwe hata kidogo na kucha zisiondolewe, hizo ndo vidole vyake. Nje asitoke peke yake kabisa, na chipu ya utambulisho awekewe, chanjo na kufunga kizazi uhakikishe kituoni vimefanyika. Mwambie shemeji na yeye aende kituoni mara moja tu akakae pale wavuni, aongee, asubiri.

Dada, paka wangu ana miaka 14. Toka juzi anagonga vitu, macho yamekuwa meusi mboni zimetanuka hata kwenye mwanga. Nikipunga mkono mbele ya uso wake anapepesa kwa hiyo nadhani bado anaona, nisubiri?

Usisubiri hata kesho, mpeleke leo. Ukipunga mkono unamsukumia upepo, sharubu zinahisi, ndo maana anapepesa. Kama unataka kujua dondosha kipande cha pamba mbele yake, pamba haina mlio wala upepo wa maana, anayeona atakifuata kwa macho. Lakini hata hilo usipotezee muda. Paka mzee akipofuka ghafla na mboni zimetanuka, kitu cha kwanza madaktari wanachofikiria ni presha ya damu, inapanda mpaka retina, ile ngozi nyembamba ya kuonea, inabanduka nyuma ya jicho, na mara nyingi nyuma yake kuna figo zilizochoka au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mwambie daktari apime presha kwa mkanda, ile ya juu ikizidi 160 ni tatizo, ikifika 180 ni hatari kubwa kwa macho, ubongo, moyo na figo. Kuna kidonge kinaitwa amlodipini ambacho hutumika sana kuishusha, dozi ni ya daktari, usigawane naye kidonge cha bibi. Ukiwahi, wengine retina inarudi mahali pake na wanapata kuona kidogo. Uono usiporudi bado kuitibu presha ni lazima, na nyumba anaijua kwa miaka 14, hiyo ramani anayo tayari, wewe tu usiibadilishe.

Tunahama mwezi ujao na paka wetu haoni, tumfanyie nini asichanganyikiwe?

Chumba anacholala kifungashe cha mwisho kabisa, siku ya kubeba mizigo afungiwe bafuni na karatasi mlangoni iandikwe asifunguliwe. Blanketi lake usilifue, na kwenye trei mpya changanya viganja viwili vya mchanga aliokwisha kuutumia. Kule muendako anzeni upya na chumba kimoja kama vile ndo kwanza mmemchukua, na kama inawezekana mpangilio uwe uleule, maji yalikuwa kushoto kwa mlango basi yawe kushoto. Samani zote ziwe zimeshakaa mahali pake pa kudumu ndo umfungulie chumba cha pili.